Asali ya Tende na Neno Nisilolijaribu

Katika kazi yetu ya ualimu yako makosa ya aina mbili. Liko kosa ambalo wanafunzi hulibaini palepale, wakacheka, na mwalimu akalifuta ubaoni. Na liko kosa ambalo huandikwa kwa hati nzuri daftarini, likatiwa alama ya vyema, likaenda nyumbani na mtoto. Makala hii yahusu kosa la aina ya pili. Nililitenda mimi mwenyewe mwaka 2024, katika somo ambalo hata leo naliona kuwa miongoni mwa masomo mazuri niliyopata kuyafundisha. Nalieleza hapa kwa kuwa ninyi wanachuo mmo katika kipindi cha kujifunza kuandaa masomo ya vitendo, na kwa kuwa jambo hili sikulisikia chuoni. Nilifundishwa na mama mmoja aliyenijia na daftari la mwanawe mkononi.

Kutafuta somo

Wakati ule nilikuwa nafundisha darasa la tano katika shule moja ya msingi mjini Tanga. Mvua nyingi zilizonyesha tangu mwishoni mwa mwaka 2023 zilikuwa zimekwamisha uvunaji wa miwa, na sukari ikaadimika nchini. Kufikia Februari 2024 bei yake ilikuwa imepanda hadi shilingi 4,000 na zaidi kwa kilo, na katika maduka mengi ya mtaani haikuonekana kabisa. Watoto walikuja darasani wakisimulia jinsi walivyotumwa duka hata duka wakarudi na robo kilo, au wakarudi mikono mitupu.

Papo hapo mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakaribia, na sokoni tende zilikwisha anza kupangwa mezani mafungu kwa mafungu. Nikawa nayatazama mambo hayo mawili, sukari iliyotoweka na tende zilizojaa, nikaona kwamba somo limekuja lenyewe mlangoni pa shule. Tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, walimu wa nchi hii tumeambiwa kwamba shule isitengwe na maisha ya watu wanaoizunguka. Basi nikakata shauri kwamba darasa langu litatengeneza asali ya tende, na kwa njia hiyo litajifunza vipimo, uchujaji, uvukizaji na hesabu za bei.

Nilikuwa na sababu nyingine pia, nayo ni ya mapenzi. Marehemu babu yangu alipata kufanya kazi bandarini, na alipenda kutusimulia habari za majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi kutoka Oman na Ghuba, yakiwa yamepakia makanda ya tende na samaki wakavu wa chumvi, kisha yakangoja upepo wa kusi yarudi na boriti za mikoko. Alituambia kwamba makanda yaliyolaliwa na wenzake safari nzima yalitoa maji mazito, matamu, meusi kama kahawa, na kwamba wachukuzi waliyalamba vidoleni. Baadaye nilisoma kwamba huko Oman jambo hilo lilifanywa kwa makusudi tangu zamani. Katika ngome zao, kama ile ya Jabrin iliyojengwa katika karne ya 17, kulikuwa na vyumba vya kuhifadhia tende ambavyo sakafu zake zilichimbwa mifereji. Makanda yalirundikwa juu ya mifereji hiyo. Uzito wa yale ya juu na joto la chumba vikazikamua tende za chini, na asali ikatiririka taratibu hadi kwenye mtungi uliofukiwa mwisho wa mfereji. Vyumba vya namna hiyo, viitwavyo madbasa, vimechimbuliwa hata Bahrain. Hapakuwa na moto wala mwiko; ulihitajika uzito na subira tu.

Sisi hatuna makanda mia moja wala miezi ya kungoja. Tuna sufuria na jiko la mkaa, navyo vyatosha.

Majaribio ya nyumbani

Wakufunzi wetu walituasa kwamba mwalimu asifanye mbele ya watoto jambo ambalo hajalifanya kwanza peke yake. Wasia huo niliufuata. Nilijaribu nyumbani mara tatu, na majaribio mawili ya mwanzo yaliharibika.

Mara ya kwanza niliogopa kuunguza, nikaepua mapema. Nilipata kimiminiko kitamu lakini chepesi, nikakitia chupani na kukiweka kabatini. Siku ya tatu nilipofungua kizibo kikaruka, povu likapanda, na harufu ya uchachu ikajaa jikoni. Hapo nikaelewa jambo ambalo nilikuwa nimelikariri tu vitabuni: utamu ukiwa mzito huhifadhi chakula, kwa sababu vijidudu hukosa maji ya kuishi, ukiwa mwepesi huwa ni karamu yao.

Mara ya pili niliogopa uchachu, nikachochea moto, nikaenda kuwapokea wageni barazani. Niliporudi, chini ya sufuria palikuwa na ukoko mweusi, na asali yote ilikuwa chungu.

Mara ya tatu nilifanikiwa, na njia niliyoifuata ndiyo hii. Nilichukua kilo moja ya tende laini, nikaipasua kila moja kwa kidole, kwanza ili kutoa kokwa, pili ili kuona kama ndani hamna mdudu. Nikaziosha upesi, nikazilowesha kwa lita mbili za maji ya moto, nikafunika mpaka asubuhi. Asubuhi nikazichemsha kwa moto wa wastani muda wa saa moja, huku nikizipondaponda kwa mwiko hata zikawa kama uji. Zilipopoa kiasi cha mkono kuvumilia, nikazitia katika kitambaa cheupe cha pamba kilichokwisha kuchemshwa, nikakamua kwa nguvu juu ya bakuli. Makapi nikayaweka kando kwa ajili ya kuku. Maji matamu yaliyopatikana nikayarudisha katika sufuria pana, nikayachemsha bila mfuniko kwa moto mdogo. Sufuria ikiwa pana mvuke hutoka upesi. Mfuniko ukiwekwa, mvuke hurudi ukawa maji, na kazi haina mwisho. Kadiri yalivyozidi kuwa mazito ndivyo nilivyozidi kukoroga, na katika dakika za mwisho sikuuacha mwiko hata kidogo.

Ili kujua kama imeiva, nilidondosha tone katika sahani baridi, nikapitisha ncha ya kidole katikati. Mstari ukijifunga mara moja, bado. Ukikaa wazi, epua. Nikaimimina ingali moto katika chupa iliyochemshwa na kukaushwa. Kilo ile moja ya tende ilinipa asali ya kujaza chupa ya nusu lita, na kidogo cha kulamba.

Nawaelezeni haya kwa urefu ili mwone kwamba sikuwa mwalimu mzembe. Nilijua kila hatua, na sababu ya kila hatua. Andalio langu la somo lilikuwa na kurasa nne.

Siku ya somo

Nilikuwa na wanafunzi 61. Niliwagawa katika makundi sita, na kila kundi nikalipa kazi yake: wa kupasua tende, wa kupima, wa kutunza moto pamoja nami, wa kukamua, wa kuandika muda na matokeo ubaoni, na wa hesabu. Tende nilizilowesha jioni ya kuamkia siku hiyo. Jiko tulilitega nje chini ya mwembe, na mizani nikaazima kwa mwenye duka jirani.

Sijapata kuona darasa lililotulia namna ile huku likiwa na shughuli namna ile. Mvuke ulipopanda, walioketi nyuma walisimama. Kundi la waandishi lilichora mstari kila baada ya dakika kumi kuonyesha jinsi kina cha sufuria kilivyopungua. Tulipokwisha, kila mtoto alionja kwa ncha ya kijiko chake, na wako waliorudi kwenye foleni kwa hila, maana mchovya asali hachovyi mara moja.

Ndipo tukapima. Nusu lita ya maji ilikuwa na uzito wa gramu 500. Nusu lita ya asali yetu, tulipoondoa uzito wa chupa, ilikaribia gramu 670. Kijana mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, asali imetoka kwenye maji, mbona imeyashinda maji kwa uzito?" Swali hilo lilinifurahisha mno. Nikamjibu kwamba maji yamepaa kuwa mvuke, lakini sukari ya tende haipai. Imebaki yote sufuriani, imesongamana mahali padogo, na ndiyo inayolemea mizani. Nawaomba mlikumbuke jibu hilo, maana nitalirudia.

Baada ya hapo kundi la hesabu likatoa taarifa. Walijumlisha bei ya tende na bei ya mkaa, wakaligawa jumla kwa gramu zilizopatikana, wakalinganisha na sukari. Jibu lilikuwa wazi: asali yetu ilikuwa ghali kuliko sukari, hata kwa bei ile ya kuadimika. Darasa likanyamaza. Mtoto mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe tumepata hasara."

Hapa ndipo nilipokosea. Hesabu ilikuwa sahihi, na yafaa ningaliisifu na kuliacha darasa likae na ukweli huo, kwamba si kila kitu cha kujitengenezea ni rahisi kuliko cha dukani. Lakini niliona somo langu zuri linaishia katika neno "hasara", na moyo wangu haukukubali. Nikatafuta neno la kuliokoa, nikalipata katika kumbukumbu ya chupa moja niliyoiona dukani, iliyoandikwa kwamba haikuongezwa sukari. Nikasema, "Msiseme hasara. Hii si sukari. Huu ni utamu wa asili wa matunda, hauna madhara. Hata mwenye kisukari aweza kuutumia." Nikageuka, nikayaandika maneno hayo ubaoni chini ya hesabu, kama hitimisho la somo. Wanafunzi 61 wakayanakili.

Maneno hayo hayakuwamo katika kurasa nne za andalio langu. Na hazikuwa zimepita dakika 15 tangu nilipomwambia yule kijana kwamba kinacholemea mizani ni sukari ya tende.

Daftari

Katikati ya mwezi wa Machi, Ramadhani ikiwa imekwisha anza, mama wa mwanafunzi wangu mmoja alinijia ofisini. Binti yake alikuwa ni mtoto mpole, mwenye hati ya kupendeza, ambaye kila kazi niliyotoa aliifanya kwa uangalifu. Mama alinisalimu, akakaa, akaufungua mkoba wake, akatoa daftari la sayansi.

"Mwalimu," akasema, "sikuja kugombana. Nimekuja kukuuliza kama mtoto ameandika vibaya au ndivyo ulivyowaambia."

Akanionyesha ukurasa. Maneno yalikuwa yangu, neno kwa neno, na chini yake ilikuwapo alama yangu ya kalamu nyekundu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Binti alikwenda nyumbani akamwomba mama yake kilo moja ya tende, na siku ya Jumamosi akaipika asali peke yake, hatua kwa hatua kama nilivyofundisha, hata mstari wa kidole katika sahani baridi. Ikatoka nzuri. Nyumbani mwao alikuwamo bibi yake, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, ambaye kwa ajili ya maradhi hakuwa akifunga, na ambaye alikwisha zoea chai isiyo na kitu. Mjukuu akamsomea daftari. Bibi akafurahi sana kwamba elimu imemletea utamu uzeeni, akawa anatia vijiko vitatu katika chai ya asubuhi, vijiko vitatu katika uji, na jioni tena. Baada ya siku chache akaanza kuona kiu isiyokatika, akawa anakwenda haja ndogo mara kwa mara usiku, kisha akalegea hata asiweze kuinuka. Walipomfikisha hospitali, sukari katika damu ilikuwa imepanda sana. Alilazwa siku tatu. Mwenyezi Mungu akamjalia, akarudi nyumbani.

"Bibi hajambo sasa," mama akasema. "Ila mtoto halali. Anasema yeye ndiye aliyemponza bibi yake."

Sikuwa na la kujibu. Nilikumbuka kwamba kwa wiki nzima binti yule hakuwa amenyoosha mkono darasani, nami nikadhani ni uchovu wa saumu.

Jioni ile nilikwenda kwanza zahanati kwa muuguzi niliyemfahamu, kwa sababu nilitaka safari hii nijue kabla ya kusema. Alinieleza kwa maneno machache. Tende kavu kwa sehemu kubwa ni sukari. Theluthi mbili ya uzito wake, na pengine zaidi. Sukari hiyo ni glukosi na fruktosi, vitu vilevile viwili vinavyopatikana sukari ya dukani inapomeng'enywa tumboni. Tende nzima walau ina nyuzinyuzi zinazochelewesha kidogo sukari kuingia katika damu, na hata hivyo mwenye kisukari huila kwa kipimo anachoshauriwa na mganga wake. Lakini sisi tulizikamua nyuzinyuzi hizo kitambaani. Nikakumbuka kwamba tuliwapa kuku kile ambacho kingemfaa bibi, tukamwachia bibi kile ambacho kilimdhuru. Muuguzi akaniambia pia kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu asali ya nyuki, shira na maji ya matunda pamoja na sukari, na linashauri kwamba hata mtu mwenye afya asipate zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula chake kutoka katika vitu hivyo. Tena ni bora zaidi akipunguza hadi nusu ya hapo, yaani kiasi cha vijiko sita vya chai kwa siku. Mwili hauulizi utamu umetoka shambani au kiwandani. Na ile chupa ya dukani haikusema uongo: haikuongezwa sukari, kwa kuwa iliyokuwamo ilitosha. Mimi ndiye niliyesoma nusu ya maneno.

Kutoka zahanati nikaenda kumwona bibi. Nilimwamkia, akaitikia, nikaketi chini mkekani, nikamweleza kwamba kosa ni langu na nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimepona. Mjukuu wangu alinipikia kwa mapenzi. Wewe ulichonacho cha kufanya ni kimoja: asije akaogopa kujifunza."

Kusahihisha

Usiku ule nilifikiri namna ya kusahihisha. Njia rahisi ilikuwa kumwita binti kando na kumtuliza. Lakini maneno yangu yalikuwa katika madaftari 61, na sikujua katika nyumba hizo 61 mna wagonjwa wangapi. Kosa lililofundishwa darasani haliwezi kusahihishwa ofisini.

Asubuhi nilisimama mbele ya darasa, nikawaambia wafungue ukurasa ule. Nikasema, "Sentensi ya mwisho katika somo la asali ya tende si kweli. Mimi ndiye niliyeisema bila kuichunguza. Yeyote aliyeifuata alimtii mwalimu wake, hakukosea. Aliyekosea ni mimi." Sikumtaja mtu, wala sikumtazama. Nikawaagiza waikate sentensi hiyo kwa mstari mmoja wa rula, wasiifute wala kuichana, ili ionekane. Chini yake wakaandika: Asali ya tende ni sukari. Mwenye kisukari asiitumie bila kupima na kupata ushauri wa mganga. Kisha kila mmoja akaenda nayo nyumbani, mzazi au mlezi akaisoma na kutia sahihi. Madaftari 58 yalirudi kesho yake. Matatu niliyafuata mwenyewe majumbani.

Hilo halikunitosha, maana nilikuwa nimewaambia jambo kwanza, na sasa nawaambia jambo jingine. Kwa nini waliamini la pili kuliko la kwanza? Kwa mtoto, yote mawili ni maneno ya mwalimu. Nikaomba msaada kwa mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari iliyo jirani, naye akaja na dawa ya Benedict, ambayo ni kimiminiko cha rangi ya buluu. Aliitia katika neli tatu: moja ina maji matupu, ya pili maji yenye asali ya tende, ya tatu maji yenye sukari nyeupe. Akazitumbukiza katika chombo cha maji ya moto, watoto wakitazama kwa mbali kidogo. Neli ya asali ya tende ikageuka kijani, ikawa njano, ikaishia rangi ya matofali. "Hiyo ndiyo dalili ya sukari," akasema. Neli ya maji ikabaki buluu. Na ile ya sukari nyeupe ikabaki buluu vilevile.

Darasa likapiga kelele. Mmoja akasema, "Kumbe sukari si sukari!" Mwezi mmoja kabla ya hapo ningaliogopa kelele hizo na kutafuta neno la kuzizima. Safari hii niliziacha. Mwenzangu akaeleza kwamba dawa ile huzitambua glukosi na fruktosi zikiwa zimeachana. Katika tende zimekwisha achana, lakini katika sukari nyeupe zimeshikana mbili mbili, na dawa haizioni mpaka zitenganishwe. Akaichemsha sukari nyeupe pamoja na tone la tindikali ili kuzitenganisha, akaituliza tindikali kwa magadi, akairudia dawa. Nayo ikageuka rangi ya matofali. Tumbo la binadamu, akasema, huifanya kazi hiyo ya kutenganisha kila siku.

Siku hiyo ndipo nilipogawa ubao sehemu mbili. Upande mmoja niliandika "Tuliyoyaona", upande wa pili "Tuliyoambiwa". Tukalipanga upya somo zima la asali ya tende. Kupungua kwa kina cha sufuria kulikwenda upande wa kwanza. Uzito wa gramu 670 upande wa kwanza. Bei upande wa kwanza. Maneno "hauna madhara" yalikwenda upande wa pili, na mbele yake tukaandika: na nani? amejuaje? Desturi hiyo haikutuacha mwaka mzima. Karibu na mwisho wa muhula uliofuata nilikuwa naeleza habari za udongo, nikasema jambo fulani kwa uhakika mwingi, na mkono mmoja ukanyoshwa nyuma. Alikuwa ni yule binti. "Mwalimu," akauliza, "hilo tumeliona au tumeambiwa?" Nikamjibu kwamba tumeambiwa. Akaandika upande wa pili.

Nasaha kwa mwanachuo

Nimelitafakari jambo hili mara nyingi, na yale ninayoona yatawafaa katika mazoezi yenu ya kufundisha ni haya.

Kwanza, endeleeni kujaribu kazi nyumbani kabla ya kuileta darasani. Laiti nisingeunguza sufuria yangu, watoto wangeunguza ya shule. Msiache kufundisha kwa vitendo kwa kuogopa makosa; binti yule aliipika asali vizuri, na ufundi huo ni wake mpaka leo.

Pili, jaribuni na maneno pia. Mimi niliijaribu asali mara tatu, na sentensi moja niliyoiandika juu yake sikuijaribu hata mara moja. Ningaliijaribu kwa kuilinganisha tu na jibu nililompa kijana wa mizani, ingalianguka palepale. Jichungeni hasa na maneno ambayo hayamo katika andalio la somo, yale yanayokuja ulimini wakati kengele inakaribia kulia. Na neno lolote linalohusu dawa, ugonjwa au chakula cha mgonjwa, liulizeni kwanza kwa anayejua.

Tatu, matokeo ya kazi yakiwa kinyume cha matumaini yenu, yaacheni yalivyo. Neno "hasara" alilolisema yule mtoto lilikuwa ndilo hitimisho sahihi la hesabu ya siku ile, na mtoto huyo alistahili sifa. Mimi nilimnyang'anya ukweli wake ili niiokoe sifa ya somo langu.

Nne, mkikosea, lifuateni kosa mpaka lilikofika. Kama limefika nyumbani, sahihisho nalo lifike nyumbani. Wahenga wamesema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Nami nathubutu kuongeza kwamba kulinyamazia ni namna mojawapo ya kulirudia. Msidhani kwamba heshima yenu itapungua. Wazazi walionitilia sahihi madaftari yale ndio walionipokea vizuri zaidi nilipopita mtaani.

Bado napika asali ya tende kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani, na bado naifundisha kwa wanachuo wangu chini ya mwembe, kwa kilo ileile moja na lita zilezile mbili. Katika chupa nabandika karatasi ndogo iliyoandikwa kwa mkono: Tende na maji tu. Ni sukari.

Nawatakieni mazoezi mema ya kufundisha.